Danzi na Muhogo Usiku wa Nochebuena

Miaka miwili mfululizo nilimdanganya muuguzi mwenzangu. Kila aliponialika kwao tarehe 24 Desemba nilimwambia niko zamu. Ukweli ni kwamba nilijua mezani kutakuwa na nguruwe, nami Mwislamu wa Tanga niliona haya kwenda kwa watu kukataa chakula chao. Mwaka jana uongo ukaniishia, maana yeye mwenyewe ndiye aliyepanga zamu. Nikamweleza. Akacheka, akampigia mama yake simu palepale.

Wanakaa Hialeah, pembeni mwa Miami, mji ambao wakazi wake wengi asili yao ni Cuba. Dukani utasalimiwa kwa Kihispania kwanza. Usiku huo wanauita Nochebuena, yaani usiku mwema, na ndio mlo wao mkubwa, si mchana wa tarehe 25.

Nilifika asubuhi na kuku wangu wa halali. Uani wanaume walizunguka caja china, sanduku la mbao lililopigwa bati ndani. Nguruwe yumo ndani, makaa yako juu ya kifuniko. Maneno mengi, kazi kidogo. Kazi yenyewe ilikuwa jikoni.

Mama, mwenye miaka sabini na kitu, alinionyesha sufuria mbili mpya alizozifunga kitambaa chekundu masikioni. "Hizi hazijaona mafuta ya nguruwe, mija," alisema. Mija ni "mwanangu". Kisha akanipa tunda la kijani lenye ganda la mabaka. Nilipolinusa nikapiga kelele: danzi! Bibi yangu alikuwa akilikamulia samaki, na sikuwa nimelitamka neno hilo kwa miaka.

Danzi ndilo roho ya mojo. Twanga vitunguu saumu vingi na chumvi kwenye kinu, tia oregano na bizari nyembamba, kamulia danzi. Kuku alilala humo saa tano ndipo akaingia kwenye oveni. Ukikosa danzi, changanya maji ya chungwa na ndimu. Muhogo huchemshwa kwa chumvi hadi upasuke, unatolewa uzi wa katikati, kisha unamwagiwa mojo yenye mafuta ya moto. Mafuta yalie! Wali nao hupikwa kwa maji meusi ya maharage, pamoja na kitunguu na pilipili hoho. Hutoka mweusi kabisa, usishtuke.

Tukimenya muhogo, mama alinisimulia. Mwaka 1969 serikali ya Fidel Castro iliiondoa Krismasi kwenye siku za mapumziko, ikisema mavuno ya miwa yanahitaji watu. Ilirudishwa mwaka 1997, Papa Yohane Paulo II akitarajiwa kuzuru Januari 1998. Mama alikwishahama. Kwao walifunga madirisha ili harufu ya vitunguu saumu isitoke nje, na baba yake asubuhi alikwenda kukata miwa kama kawaida.

"Kwa hiyo najua mtu akikaa mbali na meza," alisema, "huwa ana sababu."

Sikujua la kujibu, nikaendelea kumenya. Usiku tulikaa watu ishirini na wawili. Sufuria zangu ziliwekwa katikati ya meza, na watoto wakazimaliza kabla sijaongeza.

Aliniuliza Idi ni lini. Sufuria moja ninayo bado. Itarudi na muhogo wa nazi.