Mafuriko ya Mto Tana Si Adui

Watu wengi wakaao mbali na mto hudhani ya kuwa maji yafikayo baharini yamepotea bure, na kwamba mafuriko ni hasara tupu. Wapokomo walimao kandokando ya Mto Tana wanajua zaidi.

Mto huo watoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, hupita katika nchi kavu, na baada ya mwendo wa kilomita 1,000 hivi huingia Bahari ya Hindi. Tangu zamani hufurika mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na wa vuli. Kwa kuwa mvua ni haba katika nchi ile, tope liachwalo na maji ndilo shamba la Mpokomo. Humo hupanda mpunga, ndizi na mahindi. Wafugaji wa Kiorma nao huleta ng'ombe wao penye malisho mabichi wakati wa kiangazi. Msitu wa ukingoni huishi kwa maji hayo hayo, na ndani yake wamo mbega wekundu wa Tana, wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Hifadhi yao ilitengwa mwaka 1976.

Bwawa la Kindaruma lilianza kutoa umeme mwaka 1968, na bwawa kubwa la Masinga likamalizika mwaka 1981. Hapana mwenye akili atakayebeza faida ya umeme. Lakini bwawa huzuia mafuriko pamoja na rutuba yake. Maji yasipopanda, mkulima wa chini hutazama shamba lake likipasuka kwa ukavu, wala hana pengine pa kulima.

Kwa hiyo, kila bwawa jipya linapopangwa, yapasa watu wa chini wasikilizwe kwanza. Mabwawa yaliyopo nayo yaachilie maji ya kutosha kwa majira yake, na watu waarifiwe mapema, maana maji yajayo ghafula huua.

Mkulima wa milimani naye ana wajibu wake. Asilime mpaka ukingoni, bali aache miti na nyasi kando ya kijito, na shambani achimbe matuta ya kuzuia udongo. Udongo ukichukuliwa na mvua humwacha yeye maskini, kisha hujaza bwawa. Haba na haba hujaza kibaba, na ndivyo tope la mashamba mengi madogo linavyoijaza Masinga.