Njoro, stesheni iliyoachwa kando

Ukitoka Nakuru kwa gari la moshi la Kisumu, Njoro iko mwanzo wa mlima. Kutoka hapo reli yapanda kupitia Elburgon na Molo hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ndipo iteremkie ziwani.

Reli ilipita Njoro kabla ya mji kuwepo, kwani Kisumu ilifikiwa Desemba 1901. Mnamo 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 hapa, kwenye malisho ya Wamaasai (nao, bila shaka, hawakuulizwa). Akapanda ngano, na mwaka wa 1908 akaanzisha kampuni ya Unga. Bila reli, ngano hiyo ingeliwa na ndege.

Njia yenyewe ni moja tu. Gari lipandalo na lishukalo hayawezi kupishana ila stesheni, na stesheni masta ndiye aliyeamua lipi lingoje. Wakati likingoja, abiria alikata tikiti na magunia yalipakiwa.

Mambo yaligeuka reli mpya kutoka Nakuru ilipofika Eldoret mwaka wa 1924, kisha Kampala mwaka wa 1931. Shehena za Uganda zikashika njia hiyo. Njoro ikabaki kwenye tawi.

Baadaye, safari za abiria za Nairobi na Kisumu zilikatika kwa miaka mingi, zikafufuliwa Desemba 2021. Lakini swali la mkulima wa Njoro ni jingine: je, gari litasimama, au litapiga honi na kupita?