Harufu Ikiisha, Moshi Haujaisha

Wana, kuna imani moja nataka tuizike leo: ati moshi ukiacha kunuka, basi hewa imekuwa safi. Si kweli, na kuna watu inawaumiza.

Mie niko Kizingo, na hapa twadekezwa. Kati ya Julai na Septemba, wakati nyasi zinaungua huko bara, kusi inatupulizia hewa ya baharini moja kwa moja. Ukisimama pale Mama Ngina na dafu mkononi, huwezi kujua kama Afrika inaungua. Na inaungua kweli: katika ardhi yote inayoshika moto duniani kila mwaka, zaidi ya nusu iko bara letu hili.

Lakini khalati yangu yuko Voi. Tsavo iko mlangoni kwake, na mwanawe wa miaka 7 ana pumu. Moto ukiwaka mbugani, swali lake kwangu huwa lile lile: "Mwanangu, harufu imeondoka tangu asubuhi. Nimwache atoke akacheze?"

Chuo niliacha mwaka wa pili, kusoma sikuacha. Na nilichosoma ni kwamba moshi hausafiri ukipungua tu. Unabadilika. Fikiria mchuzi jikoni: mwanzo nyumba nzima yanuka kitunguu, baadaye kitunguu hukioni wala hukinusi, lakini kimo mle mle. Jiko la moshi ni jua.

Moshi wa nyasi ukitoka tu una masizi, kaboni monoksidi, oksidi za nitrojeni na mamia ya gesi nyingine. Nyingi ya zile zenye harufu kali hazidumu. Hewani zinavunjika ndani ya saa chache. Pua inakwambia yamekwisha, kumbe zimegeuka vitu vingine. Baadhi zinakuwa nzito na kuganda juu ya chembe ndogo za moshi, zile zinazoingia ndani kabisa ya mapafu. Nyingine, zikikutana na oksidi za nitrojeni chini ya jua, zinasababisha ozoni. Juu kabisa angani ozoni inatukinga, lakini hapa chini inachoma njia za pumzi, na mwenye pumu ndiye wa kwanza kuisikia. Ozoni hiyo haitoki kwenye moto wenyewe. Inapikwa njiani.

Hili limepimwa. Mwaka 2000, katika utafiti ulioitwa SAFARI 2000, wanasayansi walitumia ndege ya Chuo Kikuu cha Washington kuufuata moshi wa nyasi huko Afrika Kusini. Ndani ya saa moja tu, ozoni ilikuwa imeshapanda. Septemba hiyo hiyo, moshi wa kusini mwa Afrika ulijikusanya kama mto ukamwagika hadi Bahari ya Hindi.

Tena sehemu ya nitrojeni hujificha ndani ya kemikali iitwayo PAN. Kwenye baridi ya juu inatulia. Ikishuka penye joto inafunguka, na ozoni inatengenezwa upya, mbali kabisa na moto.

Simaanishi moshi wa mbali ni mbaya kuliko ulio mlangoni. Ukisafiri unatawanyika, na hilo linasaidia sana. Ninachosema ni kwamba pua si kipimo.

Kwa hivyo khalati nilimjibu hivi: usinuse, angalia kilima cha Sagalla. Kikiwa na utando wa kahawia, mtoto abaki ndani, hasa mchana jua likiwa kali, na inhela iwe karibu. Hata kikiwa wazi, akianza kukohoa mrudishe. Barakoa nzuri inazuia chembe, lakini ozoni inapita.

Kama una mtu wako karibu na mbuga, mtumie hii. Na akikwambia harufu imeondoka, muulize: je, mlima unaonekana?