Metali Haikutoka Kuzimu, Ilitoka Kiwandani

Wasee, leo tuongee hii mambo mara moja tuimalize. Kila nikiposti kitu kuhusu hevi metali, komenti ya kwanza huwa ni "hiyo si ni ya mashetani?" Ya pili, "huyu ameshikwa na mapepo." Ya tatu ni mtu wa kanisa la mathe akinitumia mstari wa Biblia. Sawa. Hili ndilo jibu langu.

Ukitaka kujua metali ilitoka wapi, usiende kuzimu. Nenda Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda. Kijana wa miaka 17 anayeitwa Tony Iommi alikuwa amepata bendi, na hiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kazini katika kiwanda cha mabati. Saa ya chakula akaenda nyumbani, akasema harudi tena. Mamake akamwambia rudi umalize siku yako. Hiyo sauti unaijua, si ndio? Akarudi. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na Iommi hupiga gita kwa kushoto, kwa hivyo mkono wa kulia ndio hubonyeza nyuzi.

Madaktari wakamwambia asahau gita. Bosi wake wa kiwandani akamletea rekodi ya Django Reinhardt, aliyeendelea kupiga gita hata baada ya moto kumharibu vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akatengeneza vifuniko vya vidole, akavivika vipande vya ngozi ya jaketi kuukuu. Hiyo ni jua kali safi kabisa! Nyuzi za kawaida zilimuumiza, akafunga nyembamba. Baadaye, kwenye albamu ya Master of Reality ya 1971, akazilegeza pia, sauti ikashuka chini, ikawa nzito zaidi. Huo uzito unaokutisha ulitokana na mtu kutafuta namna ya kupiga gita na vidole vyenye uchungu.

Bendi yake, Black Sabbath, ilitoa albamu ya kwanza Ijumaa tarehe 13 Februari 1970. Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, aliacha shule akiwa na miaka 15, akafanya kazi hadi kichinjioni. Hawa walikuwa watoto wa mtaa, si wachawi.

Lakini watu husikia kile walichokuja kusikia. Mwaka 1985 Bunge la Seneti la Marekani liliketi kujadili muziki "mbaya". Dee Snider wa Twisted Sister akaingia na nywele zake ndefu, akasema yeye ni Mkristo, havuti sigara, hanywi pombe. Kulikuwa na wimbo wake mmoja uliodaiwa kusifu ukatili wa kimapenzi. Akawaeleza kwamba uliandikwa kuhusu mwenzake wa bendi aliyekuwa anaogopa kufanyiwa upasuaji wa koo. Yaani hofu ya hospitali, basi.

Na hapa kwetu, mwaka 1994, Rais Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada ya shetani. Wazazi wetu wengi walikuwa vijana wakati huo, na hofu hiyo walikua nayo. Ndiyo maana simlaumu mathe. Nilipoacha chuo, nyumba ilijaa washauri. Kila mjomba alikuja na lake, na kila mmoja alitaka niitikie "sawa" kwa sauti ya chini. Metali ndiyo kitu pekee kilichokuwa na sauti kubwa kama ile iliyokuwa kichwani mwangu. Nikivaa hedfoni dakika arobaini, natoka nimetulia. Mathe akaona hedfoni, akaanza kukemea. Lakini hakuna siku aliuliza ninachosikia humo ndani.

Angeuliza, ningemwonyesha Lord Spikeheart. Huyu ni Mkenya. Pamoja na Sam Karugu walikuwa bendi ya Duma, wakatoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwaka 2024 akatoa yake mwenyewe, The Adept, kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, Field Marshal wa Mau Mau, mtu wa familia yake. Mathe anamjua Muthoni. Nchi nzima inamjua. Mwanamke aliyeingia msituni kupigana na mkoloni, akatoka na rasta zake, na hakuzinyoa hadi Aprili 2022. Sasa niambie tena habari ya nywele ndefu na mashetani.

Maoni yangu ni haya. Sisi tumefunzwa kwamba uchungu unasemwa kwa njia mbili tu: kwa maombi au kwa kunyamaza. Maombi sina ubaya nayo. Kunyamaza ndiko kunatumaliza, hasa sisi maboy. Iommi angeweza kunyamaza na vidole vyake. Badala yake alitengeneza kelele ambayo, zaidi ya miaka hamsini baadaye, inamsaidia kijana wa Nairobi kulala usiku.

Si lazima uipende. Genge na gospel ziko, cheza zako. Lakini ukimwona ndugu yako mdogo amejifungia chumbani na gita zinanguruma, usiite pasta kwanza. Bisha mlango, keti, mwambie akupe hedfoni moja.