Tasnifu ya Mwisho

Jioni nilimpigia mama, nikamwambia tasnifu imekwisha. Nikakata simu, nikabadili jina la folda kutoka "tasnifu" kuwa "tasnifu_mwisho".

Saa nane usiku Python ikadai haina pandas. Nikafungua folda: pandas imo, naiona. Neno venv liko palepale mwanzoni mwa mstari, kwa hiyo niliamini nimo ndani. Nikaandika which python. Jibu: /usr/bin/python, ile ya kompyuta nzima.

Mazingira pepe huandika anwani kamili ya folda siku yanapoundwa. Ukibadili jina, yanaendelea kuelekeza mahali ambapo hapapo tena.

Nikairudishia folda jina lake la zamani, nikayawasha upya. Pandas ikapatikana. Sura ya nne bado haina grafu hata moja.

Asubuhi nitampigia mama tena.