Mtoro wa Deni

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukweli wa kauli hiyo hudhihirika katika maisha ya mhitimu anayelikimbia deni la masomo yake.

Tangu sheria ya mwaka 1995 ilipounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, wana wengi wa maskini nchini Kenya wamesoma vyuoni kwa fedha ambazo wazazi wao wasingezipata hata kwa kuuza shamba. Mwaka mmoja baada ya masomo kukamilika, marejesho hutarajiwa kuanza. Ajira, hata hivyo, haifuati kalenda hiyo, na hapo ndipo mtoro huzaliwa.

Utoro wake huanza kwa barua asiyoifungua. Kisha hubadilisha nambari ya simu. Hatimaye huacha kwenda nyumbani hata wakati wa Krismasi, akilihofia swali la mamake: "Umepata kazi, mwanangu?" Aliyedaiwa fedha sasa adaiwa salamu pia.

Deni nalo halilali. Kwa miaka mingi, mkopaji asiyelipa ametozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, mbali na riba. Mwaka mmoja wa kimya humgharimu shilingi 60,000. Jina lake hupelekwa kwa mashirika yanayoweka kumbukumbu za wadaiwa, na benki ambayo ingempa mtaji wa kuanzisha duka dogo humfungia mlango. Ajira nayo inapojitokeza, huenda mwajiri akadai cheti cha bodi hiyohiyo aliyoihepa. Kazi aliyoingojea ili alipe humponyoka kwa kuwa hakulipa.

Lililo zito zaidi limo katika fomu ya mkopo, yalimoandikwa majina ya wadhamini. Mjomba aliyetia sahihi kwa fahari siku ile hana pa kukimbilia. Kijiji kizima chalijua boma lake. Mpwawe asipopatikana, hodi yaweza kubishwa kwake.

Kukosa kazi si kosa, wala ufukara si aibu. Kinachoangamiza ni kimya. Aliyekwenda kuieleza bodi hali yake na kuahidi kidogo alichokimudu angali na deni, lakini pia angali na mama, mjomba na jina. Mtoro amebaki na deni tu.