Gari la Kwenda na Kurudi

Mbio ni sifa inayotamaniwa na wengi na kufahamiwa na wachache. Mtazamaji aliyesimama kando ya njia huliona gari likipita kama mshale, akadhani kuwa ushindi ni nguvu ya injini na ujasiri wa dereva, basi. Fundi hadhani hivyo. Yeye anajua kuwa kila kasi ina deni, na kuwa deni hilo lisipolipwa na breki, tairi na springi, hulipwa na uhai wa mtu.

Elimu hii aliipata kwa taabu kijana mmoja wa Dindira, katika milima ya Usambara iliyo juu ya Korogwe. Dindira ni nchi ya chai na ukungu. Njia yake hupanda kona juu ya kona, na mvua inyeshapo udongo wake huteleza kama sabuni. Kijana alikuwa fundi, na baba yake alikuwa na Toyota Corolla kongwe ya miaka ya 1980, isukumwayo na magurudumu ya nyuma. Kwa kadi gari hilo lilikuwa la mzee. Kwa kazi lilikuwa la mtaa mzima, maana lilichukua wagonjwa, maharusi na magunia. Kijana alitaka kulitengeneza kwa ajili ya autokrosi, mashindano ya watu wasiolipwa, ambayo magari hushindana na saa katika njia fupi ya udongo. Alipoomba ruhusa mzee alifikiri sana, kisha akajibu: "Mwanangu, kila utakachokitoa kiwe cha kurudi."

Kijana aliliona sharti hili kuwa pingu. Alikuwa amekusudia kung'oa viti, kukata springi ili gari liwe chini, na kupanua matundu ya kabureta. Walakini alianza na breki, na hapo hekima ilimwingia kidogo kidogo. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka mingi hunywa unyevu. Yakipata moto katika mteremko mrefu unyevu huo huchemka, na mguu wa dereva hukanyaga mvuke. Aliyamwaga yote akatia mapya. Kisha alizitazama springi. Springi zilizokatwa hulipendezesha gari juu ya lami, lakini katika udongo wenye mashimo tumbo la gari hugonga mawe, na gurudumu linaloning'inia hewani halisukumi kitu. Basi aliziacha nzima, akafunga shokapu mpya na bamba la chuma chini ya injini.

Kabureta ilimfunza zaidi. Kadiri mtu apandavyo mlima ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Katika kimo cha mita 1,000 hupungua kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi. Injini iliyopimwa vema bondeni, ikifika mlimani hupata petroli nyingi kuliko hewa, ikakohoa na kutoa moshi mweusi. Iliyopimwa mlimani, ikishuka pwani huona njaa. Plagi ndiyo ulimi wa injini: ikiwa nyeusi kwa masizi, petroli imezidi, ikiwa nyeupe, petroli imepungua, na injini yaweza kuungua, ikiwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo, mambo yamelingana. Mwana wa nchi ya chai hakuhitaji kitabu kuikumbuka rangi hiyo. Kwa kuwa mashindano yalikuwa yafanyike nje ya mji wa Tanga, hakupanua tundu lolote. Alinunua jeti za namna mbili, za mlimani na za pwani, zifungwazo na kufunguliwa kwa bisibisi.

Historia nayo ilikuwa upande wa mzee. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu. Joginder Singh, fundi aliyezaliwa Kericho, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Bert Shankland wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, jamii ya gari ambalo watu wengi wa Afrika Mashariki walilijua kwa kazi ya teksi. Sifa ya kwanza ya magari hayo ilikuwa kufika.

Usiku mmoja wa masika, siku chache kabla ya mashindano, mlango uligongwa. Mke wa jirani alikuwa katika uchungu, na hapakuwa na gari jingine. Kiti cha nyuma kilikuwa kimeegemezwa ukutani. Kijana alikitazama, akatahayari. Maana kama angalifuata nia yake ya kwanza, vishikizo vya kiti hicho vingalikwisha kukatwa. Kilirudi mahali pake kwa bolti chache, mzee akishika taa. Katika mteremko wote wa kwenda Korogwe breki hazikulegea, na shokapu zilizonunuliwa kwa ajili ya saa zililizuia gari lisiyumbe. Mpenda mbio huyo hakupata kuendesha polepole kama usiku ule. Mtoto alizaliwa hospitalini kabla ya alfajiri.

Siku ya mashindano kiti kilingoja kando ya uwanja, na kijana, amefunga mkanda na kuvaa kofia ngumu ya kuazima, alikimbia kwa moyo wake wote. Alikuwa wa tisa. Wawili kati ya waliomshinda walirudishwa kwao juu ya lori. Yeye alikifunga kiti, akabadili jeti, akapanda mlima.

Majirani walimlaki kwa maswali: nani alishinda, na kwa saa ngapi? Mzee hakuuliza. Alifungua mlango wa nyuma, akakitikisa kiti kwa mikono miwili, akaona kimekazwa.